Kibali cha Siku Saba

Mtu akitaka kuniona nimepandwa na mori, akipake rangi chombo kabla sijakikagua. Rangi ni mwongo. Inaziba kutu, inaziba nyufa, inaziba uvivu wa mtu, halafu mkubwa anakuja anasimama kando yake kupigwa picha na kusema hongereni, kazi nzuri. Walishasema waliosema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nilikaa miaka kumi na sita kwenye karakana ya jeshi la majini kule Pwani, mhandisi wa matengenezo ya meli za doria, mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliodhani nimekuja kupika chai. Meli ikipandishwa chelezoni, mimi ndiye niliyetembea chini ya tumbo lake na nyundo ndogo, nikigonga bati moja baada ya jingine, na haikushuka majini mpaka nimetia sahihi. Mkubwa awe na nyota ngapi begani, atangoja. Nilipotoka jeshini nikapata kazi Lodwar, kusimamia boti za serikali kwenye Ziwa Turkana. Jamaa zangu wa Likoni walicheka mpaka wakashika mbavu. "Wenda kuunda meli jangwani? Zitavutwa na ngamia?" Nikawaambia kuna ziwa kule ukisimama ufukweni huoni ng'ambo. Hawakuniamini.

Boti kubwa ilikuwa moja tu, ya alumini, ikikaa Eliye Springs karibu na pale maji matamu yanapotoka mchangani, chini ya mikoma. Hiyo moja ndiyo iliyowafuata wavuvi upepo ukiwashika katikati, na ndiyo iliyoleta wajawazito na walioumwa na nyoka kutoka ng'ambo ambako hakuna barabara ya maana. Nahodha wake alikuwa Mturkana wa pale pale, mvuvi wa zamani, mtu mpole anayecheka kwa macho. Yeye na vijana wake wawili hawakuwa na boti nyingine.

Sasa nieleze jambo moja la kazi yetu, kisha nirudi kwenye hasira zangu. Maji ya ziwa lile yana magadi. Ukiogea nywele zinakakamaa, ukipikia chai hainyweki, na alumini yanaila polepole. Dawa yake ni vipande vya madini laini, sisi mafundi twaviita zinki, vinavyofungwa kwa bolti chini ya boti. Maji yanakula zinki, yanaliacha bati. Zikiisha unafunga nyingine. Sharti ni moja, na hata mpishi wa melini analijua: zinki haipakwi rangi. Ukiipaka, maji yanaikosa, yanageukia boti yenyewe.

Siku ya kwanza kuripoti kazini niliomba boti itolewe majini niikague. Bosi wangu, mkuu wa ofisi yetu pale Lodwar, akaniambia ningoje. Nikaandika barua. Ngoja. Nikaandika nyingine. "Injinia, hiyo boti si inatembea? Sasa unataka nini?" Miezi saba! Kisha siku moja ikatangazwa kwamba mgeni rasmi anakuja kuizindua huduma ya uokoaji, huduma ambayo ilikuwepo tangu zamani, na mara pesa ya kuitoa boti ikapatikana kwa siku mbili. Nilipofika Eliye boti iko juu ya trela yake, na mafundi wa rangi wamenitangulia. Buluu tupu, inang'aa mpaka inaumiza macho.

"Ejok, injinia," nahodha akanisalimu kwa Kiturkana, anaonyesha kwa mkono. "Umeona? Imekuwa mzuri sana."

Nikalala mchangani nikajiburuta chini. Zinki zote sita zilikuwa pale pale, nzima, zimepakwa buluu. Nikakwangua kwa kisu. Chini ya buluu ya juzi kulikuwa na rangi nyeupe ya zamani, ya sherehe nyingine, ya mgeni mwingine. Zinki hutakiwa iwe imelika, imebaki kijipande. Hizi zilikuwa kama siku ziliponunuliwa. Nikatoa nyundo yangu nikaanza kugonga bati, na pale nyuma karibu na injini, nyundo ikapita.

Lo! Nilitukana. Nilitukana Kiswahili cha gatini, maneno ambayo mama'ngu angeyasikia angenitia pilipili mdomoni. Nahodha aliinama akatazama lile tundu, akatia kidole, kikaingia mpaka kwenye pingili ya pili. Juma lililotangulia alikuwa amevuka na mama mja mzito ndani ya boti ile ile, upepo ukivuma. Alikitoa kidole chake akakiangalia, kisha akaenda kukaa peke yake kwenye kivuli.

Mahali panne bati lilikuwa limebaki jembamba kama la kopo. Nilirudi Lodwar siku ile ile, mchanga kichwani, nikaingia kwa bosi bila kubisha hodi.

"Weka gundi," akasema. "Ile ngumu ya viraka. Mgeni anakuja Jumanne ijayo."

"Gundi? Unataka niwatie watu majini juu ya gundi?"

"Injinia, wacha maneno mingi. Hasira hasara."

Wallahi, hakuna methali inayonikera kama hiyo. Huambiwi mpaka mwenye kukuambia awe amekwisha kukutia hasara yeye. Nikamwambia bila sahihi yangu boti ile haishuki, na akiishusha nitakwenda kusimama mbele ya mgeni wake na nyundo mkononi niitoboe mbele ya kamera. Alinitazama kidogo akajua sitanii. Akauliza nataka nini. Nikasema namtaka mtu wa kuchomelea alumini.

Mashine tulikuwa nayo, imekaa kwenye sanduku tangu inunuliwe. Mtu ndiye hakuwepo. Mafundi wa Lodwar ni hodari wa mageti na vitanda vya chuma, lakini alumini si chuma. Haikuonyi kwa kuwa nyekundu, unaitazama imetulia, mara imeyeyuka yote chini. Nilijaribu watatu, wakanitobolea vipande vya majaribio. Ni nahodha aliyekumbuka kwamba Kakuma, kambini, kuna Mkongo anayeziba matangi ya alumini ya maziwa, na watu wanasema kwao alikuwa anaunda boti.

Nilimkuta nyuma ya kibanda chake, mtu mwembamba wa makamo, amevaa miwani iliyofungwa kwa waya. Alikuwa ameunda boti Ziwa Tanganyika, na baba yake kabla yake. Nikamtolea kipande kimoja cha bati kilichotobolewa, na kuziba tundu lilikuwa jambo la dakika chache. Mshono ukatoka umepangika, ukiupitishia ukucha unahisi kila pete. Nilitaka kumkumbatia. Miaka mingi sikuwa nimeona mkono kama ule.

Mkewe ndiye aliyeleta shida, na alikuwa na haki. Alitoka mlangoni na mtoto kiunoni akaniuliza kazi itamaliza siku ngapi. Nikasema siku tano, sita. Akatikisa kichwa. Walikuwa na randevu, ndivyo walivyoiita, mahojiano ya wakimbizi kuhamishiwa nchi za nje, "kwenda Bulaya". Jumanne ijayo saa tano asubuhi, familia nzima. Walikuwa wameingoja miaka tisa. Mtoto wao mkubwa alikuja kambini akitambaa na sasa alikuwa akiandika barua za majirani.

"Mama injeniere," mkewe akaniambia, "kama yeye hayuko, hawatatusikiliza sisi. Yeye njo kichwa ya dosie, faili yote iko kwa jina yake."

"Atakuwa hapa Jumatatu," nikasema. "Nitamleta mwenyewe, kwa gari yangu. Nakuahidi."

Mumewe akasema pole pole kwamba randevu ikipita na wakienda, watahitaji nauli ya huku na huku, nguo za baridi, na kazi hii italipa. Basi mkewe akakubali, ila hakusema ndiyo; aliingia ndani akaanza kumfungia nguo.

Mkimbizi hatoki Kakuma hivi hivi. Anahitaji kibali cha kusafiri, karatasi yenye picha na tarehe. Bosi, sifa zake nimpe, alikishughulikia haraka maana mgeni alikuwa njiani. Siku saba, kuanzia Jumanne hadi Jumatatu. Nikakisoma mara mbili nikakiweka kwenye daftari langu la kazi.

Sitadanganya, siku zile za kwanza nilifurahi. Nilikuwa nafanya kazi na mtu anayejua kazi. Alikata bati bovu lote, hakubembeleza. Alisugua kila ukingo mpaka ukang'aa. Alipochomelea hakuongea, na alipomaliza aliongea sana, juu ya samaki wa kwao na jinsi hawa wa huku wasivyo na ladha, na nahodha akamjibu kwamba samaki wa Turkana anataka mtu mwenye meno. Walitaniana mchana kutwa, mmoja na Kiswahili chake cha Uvira, mwingine na chake cha Eliye, na mimi Mswahili wa Likoni nikiwacheka wote wawili. Nilizikwangua zinki zote kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili adhuhuri akazima mashine. Imekwisha.

Hapo ndipo nilipofika mimi na desturi zangu. Jeshini mshono hatuuamini kwa macho. Tunapuliza dawa nyekundu juu yake, tunafuta, kisha tunanyunyiza poda nyeupe. Palipo na ufa, hata wa nywele, wekundu unajitokeza kwenye weupe. Nikapuliza, nikafuta, nikanyunyiza. Mishono yote ikabaki myeupe isipokuwa mmoja, wa kiraka cha nyuma, kwenye kona ya juu. Vidoti vitatu vyekundu.

Akachutama akaviangalia. "Hapo ni juu ya maji, mama. Maji haifike kule."

"Kukiwa na mawimbi yatafika."

"Itafika kidogo, itatoka. Hii haitazamisha mtu. Kwetu boti kama hii inatembea miaka kumi."

"Kwenu si kwetu," nikasema. "Kata, rudia."

Angeweza kusema, mama, randevu yangu. Hakusema, na mimi sikumuuliza. Alichukua msumeno akaikata kona ile, na alipowasha mashine gesi ikamwishia mkononi. Mtungi ulikuwa mtupu, na mwingine uko Lodwar, kwenye stoo ya ofisi ambayo ufunguo anao bosi.

Sasa nisikilizeni, maana hili huwa nalirudia kichwani nikipika, nikifua, nikipiga mswaki. Jumapili ile, saa tisa, gari lilikuwepo na dereva yupo. Ningeweza kumwambia fundi, panda, nenda nyumbani kwako, na ile kona nikaiziba kwa hiyo hiyo gundi ya bosi mpaka wiki inayofuata, akaja kuimalizia. Vidoti vitatu juu ya mstari wa maji! Hakuna ambaye angekufa. Lakini niliwaona kichwani wale wakubwa na picha zao, nikaona gundi, nikasema hapana, bosi hatanishinda kwa gundi. Nikampigia simu alete mtungi. Akasema utakuja asubuhi mapema.

Jumatatu asubuhi mtungi haukuja. Gari la ofisi lilikuwa linabeba mahema na viti vya sherehe. Saa nne nikapiga simu nikapiga kelele. Saa sita nikapiga tena, haishikwi. Mtungi ulifika saa tisa alasiri, umelazwa kati ya viti vya plastiki. Fundi aliumalizia mshono jua likizama, nikapuliza dawa, ukawa mweupe pe. Nikatia sahihi. Nahodha akaigonga boti kwa kiganja akacheka. Fundi hakucheka; alikuwa anakunja nguo zake.

"Kibali kinaisha leo," akaniambia.

Nikampigia bosi. "Lala, toka alfajiri, usiku njia ina majambazi," akasema. "Nitaongea na polisi, wanajua. Siku moja nani atahesabu?"

Tukatoka saa kumi na moja alfajiri mimi nikiendesha. Tulipita Lodwar, tukashika lami ya Kakuma, saa mbili hivi tukafika kwenye kizuizi cha polisi. Muda tulikuwa nao tele. Askari alikuwa kijana, hana papara, akachukua kile kibali akakisoma.

"Hii imeisha jana."

Fundi akainama dirishani akasema kwa upole, "Afande, tusamehe. Kazi ya serikali ilichelewa. Niko na randevu saa tano, na watoto. Ninarudi kambini, sikimbii."

Yule kijana akatazama barabara, akatazama saa. Nililiona jicho lake. Angetupitisha. Mungu shahidi yangu, angetupitisha, mkono wake ulikuwa tayari unarudisha karatasi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na hasira za siku mbili kooni, za mtungi, za mahema, za miezi saba, na nilipouona mkono ule unasitasita zikanitoka.

"We kijana, unajua mimi nani? Nimekuwa jeshini wewe hujazaliwa! Boti atakayopanda mkubwa wenu leo, huyu ndiye kaitengeneza. Lete hiyo karatasi, usitupotezee wakati!"

Wenzake wawili walikuwa wamesimama karibu, wakageuka kutazama. Askari akaikunja karatasi taratibu akaitia mfukoni.

"Sawa, mama," akasema. "Mimi ni wa kufuata sheria tu. Huyu ashuke."

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilimpigia bosi mara kumi na moja. Alikuwa Eliye, hemani, anamngoja mgeni, na hakuwa ameongea na polisi hata neno. Kamba hukatikia pembamba. Aliyeagiza rangi alikuwa amekaa kiti cha mbele, mwenye kuchelewesha mtungi alikuwa anapanga vitambaa vya meza, na aliyepandishwa nyuma ya gari la polisi kurudishwa Lodwar ni yule mmoja aliyefanya kazi yake. Akiwa juu pale akaniita.

"Mama, acha makelele. Wende kwa bibi yangu. Umuambie aende na watoto, asiningoje."

Na hata hilo sikulifanya upesi. Nililifuata gari la polisi mpaka kituoni Lodwar nikidhani nitamtoa. Nilikaa pale nikigombana na askari wa mezani, saa nne ikapita, saa tano ikapita. Nilipoondoka kwenda Kakuma hakukuwa na haraka tena.

Fundi alitoka Alhamisi, hata faini hakutozwa. Sherehe ilifana. Boti haivuji hata tone, na tangu siku ile imeleta watu wengi upande huu wakiwa hai. Nahodha huniambia nisijilaumu sana. Bosi alinipigia makofi mbele ya ofisi nzima, nikatoka nje kabla sijamtia kofi kweli. Shirika linaloshughulikia mahojiano lilisema faili lirudi kwenye foleni, wangoje kuitwa. Niliandika barua, kwa jina langu na sahihi yangu, nikaeleza kosa ni langu. Hawajaitwa.

Lakini Jumanne ile nilifika Kakuma saa nane mchana. Mkewe alikuwa amekaa mlangoni, amevaa kitenge kipya, na watoto wote wanne wamevaa soksi nyeupe, na vumbi limekwisha kuzitia rangi. Walikuwa wamekwenda bila yeye. Walisubiri kwenye benchi mpaka jina lao likaitwa, likaitwa tena, kisha wakaambiwa warudi nyumbani. Nilimweleza yote, nimesimama juani, kuhusu kizuizi, kuhusu Lodwar, kwamba hajambo, hawakumpiga. Nikamwambia habari za mtungi na mahema. Habari za vidoti vitatu nikamwambia pia, maana ningemficha ningekuwa nani.

Akaniuliza kama boti ilikwisha.

"Ilikwisha."

"Muzuri?"

"Vizuri sana."

Akainuka, akawaingiza watoto ndani mmoja mmoja, akawa anawavua soksi. Kisha akarudi akashika mlango.

"Uko na siku zako mingi, mama," akasema. "Sisi tulikuwa na moja."

Akaufunga, polepole, bila kuubamiza. Laiti angeubamiza.